Tangawizi usoni: nasoma etiketi niliyoandika mwenyewe

Wandugu na dada wa ukurasa huu, leo sikuleta kitabu wala filamu. Nimeleta etiketi ya sabuni. Ni fupi, inaenea kwenye karatasi ya upana wa vidole vitatu, na inasema hivi:

"Sabuni ya tangawizi, 100% asili. Inasafisha uso, inaondoa mabaka, inaleta mwangaza kwa siku 7. Ukisikia inawaka, usiogope: njo inafanya kazi."

Kabla mtu hajauliza ni nani aliandika mambo kama haya, nijibu mapema: ni mimi. Niliyaandika kwenye telefone, usiku, nimelala kitandani, miezi kama nane baada ya kupokea diploma yangu ya kemia. Munajua ile miezi. Unaamka, unavaa vizuri, unapeleka dosie fasi tatu, unarudi, mama anakuangalia bila kusema kitu, na ile kutosema njo inauma kuliko maneno. Mama mmoja jirani alikuwa anatengeneza sabuni ya mawese kwenye ua, akaniambia: "Mwanangu, weye ulisoma bintu bya labo. Tusaidiane." Tukaanza. Yeye mikono na sufuria, mimi kichwa na maneno. Tangawizi ilikuwa wazo langu, juu niliona kwenye telefone kila mtu anauza kitu cha tangawizi: mafuta ya tangawizi, seramu ya tangawizi, skrabu ya tangawizi. Nikasema na sisi tuingie.

Kwa hiyo hii ni hakiki ya mtu anayejihakiki. Nitajaribu kuisoma hii etiketi neno kwa neno kama tulivyofundishwa kusoma maandishi, na nitaongeza kidogo ile kemia ambayo wakati naandika niliiweka pembeni.

Nianze na picha, maana kabla ya neno kuna picha. Tulichora kipande cha tangawizi chenye vidole vyake. Wote tunaita mzizi, hata wazungu kwenye chupa zao wanaandika mzizi. Si mzizi. Ni shina linalotambaa chini ya udongo, ndiyo maana ukiliacha jikoni linatoa macho na linachipuka. Jina lake la kitaalamu ni Zingiber officinale, ndugu wa manjano na iliki. Mtu ataniambia: na hiyo inatusaidia nini? Kwa ngozi, haisaidii kitu. Lakini nataka muone kwamba hata picha ilianza na kosa, na hakuna aliyeuliza, juu tangawizi tunaijua. Tunaijua kwenye chai, tunaijua kwa kikohozi, wenzetu wa Kinshasa wanaikunywa baridi wanaiita tangawisi, na ba papa fulani wanaitafuna kwa sababu zao ambazo sitazitaja hapa. Kitu unachokijua toka utoto hukiogopi. Hapo njo nguvu yake ya kibiashara: inaingia dukani na heshima iliyopata jikoni.

Sasa "100% asili". Kwanza si kweli, juu tuliweka soda kostike, na bila soda kostike hakuna sabuni, kuna mawese tu. Soda kostike ikishaingia, mafuta yanageuka sabuni. Hiyo ni mageuzi ya kemia, tena makali, unaweza kuchomeka mkono. Pili, tuliweka parfe. Kwa nini? Kwa sababu tangawizi yetu haikunuka. Hapa niwaonyeshe hesabu ambayo ningeweza kuifanya siku ya kwanza kwa dakika tano na sikuifanya.

Tulitwanga gramu kama 200 za tangawizi mbichi kwa kilo 5 za sabuni. Hiyo ni 4%. Lakini tangawizi mbichi ni maji karibu sehemu nne kwa tano. Kwa hiyo kitu kikavu kilichoingia hakifiki hata 1%, na ndani ya hicho kikavu kilicho kingi ni wanga na nyuzi. Ile dutu inayotafutwa na kila mtu, ile inayoitwa jinjeroli, inayofanya tangawizi mbichi iwe kali, ni sehemu ndogo tu ya hicho kidogo. Na hicho kidogo cha kidogo tulikitupa ndani ya soda kostike, mazingira ambayo jinjeroli haiyapendi, inavunjika. Halafu mtu anapaka povu, anasugua nusu dakika, anamwaga maji. Kilichobaki usoni ni nini? Jina.

Ile rangi ya njano nzuri mlioisifia kwenye statu zangu? Ni manjano, kijiko kimoja. Mama alisema bila rangi watu hawataamini.

Sitaki tangawizi ionekane kitu cha bure, hiyo ingekuwa uongo wa upande wa pili. Kwenye labo, jinjeroli imeonyesha mara nyingi kwamba inapambana na oksidesheni, na kwenye seli na kwa panya imeonyesha kupunguza mwasho na uvimbe. Molekuli yake si kubwa: uzito wake ni karibu 294, na kwa kawaida vitu vya chini ya 500 hivi njo viko na nafasi ya kupenya tabaka la juu la ngozi. Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake, aliye na dondoo lililopimwa, krimu isiyoharibika na kiasi kinachojulikana, anaweza kujaribu kufanya kitu cha maana. Ukikausha tangawizi, jinjeroli inapoteza maji na inakuwa shogaoli, jina lililotoka kwa Wajapani, ambao tangawizi wanaiita shoga (tafadhali musicheke, ni Kijapani), na hiyo shogaoli ni kali zaidi. Ukiipika, inaelekea kuwa zinjeroni, ambayo ni laini. Munaona: mbichi, kavu na ya kupikwa ni vitu vitatu tofauti kwa kemia. Etiketi yangu ilisema "tangawizi" tu, kama vile mtu anaandika "nyama" bila kusema ya ng'ombe wala ya samaki.

Lakini kutoka kwenye seli ya labo mpaka kwenye shavu la mtu anayetembea juani kuna safari ndefu. Faida ya tangawizi kwa mtu hai imechunguzwa zaidi kwa kichefuchefu, kwa kuimeza. Kwa uso, majaribio ya kweli kwa watu ni machache na madogo. Tuliokwenda labo tunajua tofauti hii vizuri. Kwenye memwari yangu mwenyewe, prof alinikatia sentensi nzima kwa sababu niliandika "inathibitisha" fasi ya "inaonyesha dalili". Nilikasirika. Mwaka haukupita, nikaandika "inaondoa mabaka" na hakuna prof wa kukata.

Nije kwenye neno ambalo ninaona njo gumu zaidi: "mwangaza". Kifaransa cha chupa kiko na maneno mawili yanayofanana kama watoto mapacha: éclat na éclaircissant. La kwanza ni kung'aa, la pili ni kuwa mweupe. Muuzaji anasimama katikati ya mapacha hao na kila mteja anachukua wake. Kiswahili chetu kimepokea mchezo huo kikamilifu. Nikiandika "mwangaza", mama wa kanisa anasoma kwamba ngozi itakuwa safi na laini. Msichana wa miaka kumi na tisa anasoma kwamba atakuwa mweupe kwa siku 7. Na mimi nilijua. Wakati nachagua neno nilijua kabisa kwamba linafungua milango miwili, na nililichagua kwa sababu hiyo. Kama ningeandika "inafanya mweupe" ningeona haya. "Mwangaza" ilinipa pesa bila kunipa haya.

Neno lingine la familia hiyo ni "kulinganisha rangi". Munaliona kwenye karibu kila chupa. Angalieni inalinganisha kuelekea wapi. Sijaona hata siku moja mafuta yanayosema: uso wako umekuwa mweupe kuliko shingo, tutaurudisha chini ulingane na shingo. Kulinganisha kunapanda tu. Wazee wetu walikuwa wakisema "ambi" kwa mambo haya, kutokana na jina la krimu moja ya zamani. Ba dada wa Kinshasa wakasema tshoko. Leo tunasema asili, tunasema tangawizi. Bidhaa imebadilisha nguo, mwendo ni ule ule.

"Siku 7". Hapa nataka musome polepole, juu nadhani njo fasi ambapo etiketi kama yangu inaweza kuua mtu, ikibandikwa kwenye kitu kingine.

Sabuni yetu haikufanya kitu kwa siku 7, wala kwa siku 70. Ilisafisha, basi. Lakini kuna sabuni na mafuta "ya tangawizi" masokoni ambayo kweli yanabadilisha mtu kwa wiki mbili. Nimeona. Sasa kama tulivyohesabu, tangawizi haiwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo kama kinafanya, ndani kuna mwingine anayefanya kazi na tangawizi anashika tu mlango. Na huyo mwingine kwa kawaida tunamjua: hidrokinoni, au zebaki, au kotikoidi kali kama klobetasoli. Hidrokinoni inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ukiitumia muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu ambao hautoki, madaktari wa Afrika Kusini waliuandika toka mwaka 1975. Nchi hiyo iliiondoa kwenye vipodozi mwaka 1990. Ulaya iliikataa kwenye krimu za kueupisha toka 2001, Côte d'Ivoire ikakataza mafuta ya kueupisha mwaka 2015, na hapa ng'ambo ya Ruzizi tu, Rwanda ilipita madukani mwishoni mwa 2018 na mwanzo wa 2019 ikiyakusanya. Zebaki inaharibu figo; mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yanaikataza kwenye vipodozi. Klobetasoli ni dawa ya kweli, daktari anaiandika kwa siku chache kwa ugonjwa fulani. Ukiipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inachanika, na kidonda hakiponi vizuri.

Basi mtu anapowaambia kwamba mafuta yake ya tangawizi yanafanya kazi haraka, kuna mambo mawili tu. Anadanganya, na hapo umepoteza dolari moja. Au anasema kweli, na hapo njo ukimbie.

Nimefika kwenye sentensi ya mwisho, ile niliyoionea fahari. "Ukisikia inawaka, usiogope: njo inafanya kazi."

Niliandika hivyo juu ba-kliyenti wawili walilalamika kwamba sabuni inawachoma. Ukweli ni kwamba soda ilizidi kwenye ile sufuria, mama alipima kwa jicho. Sabuni ya kawaida yenyewe iko na pH ya 9 au 10, na uso wa ngozi unataka karibu 5. Ikizidi soda, inachoma. Ningepaswa kuitupa ile sufuria nzima. Badala yake nilitafuta maneno. Nikasema ni tangawizi. Na kwa sababu kila mtu anajua kwamba tangawizi inawaka mdomoni, wakaamini, na mwezi ule tuliuza kuliko miezi yote.

Kemia ya ule moto ni hii. Kwenye mishipa yetu ya fahamu kuna kama mlango mdogo unaofunguka tunapoguswa na joto kali. Jinjeroli na shogaoli zinaufungua ule mlango bila joto, sawa na pilipili. Ubongo unapokea habari: moto! Na hakuna moto. Kwa hiyo kuwaka hakuambii kwamba uchafu unatoka, wala kwamba dawa inaingia, wala kwamba baka linakufa. Kunakuambia tu kwamba mshipa umeguswa. Na kama kuwaka kunaendelea, kunakuambia kwamba ngozi inaumia.

Na kwa ngozi yetu sisi, kuumia kuko na bei yake. Ngozi nyeusi ikipata mwasho, hata mdogo, mara nyingi inajibu kwa kumwaga rangi zaidi pale pale. Kipele kinapona, baka linabaki miezi. Kwa hiyo mtu anasugua kitu kikali ili kuondoa baka, kitu kikali kinaleta mwasho, mwasho unaleta baka jipya, naye anasugua zaidi. Ni duara. Na mwenye sabuni anakula ndani ya hilo duara.

Nasema "mwenye sabuni" kama vile ni mtu mwingine.

Mdogo wangu, binti wa tantine, alikuwa anakaribia kolasio yake. Kwenu ambao bado muko shule: ile siku ya toga na kofia, picha inayokaa kwenye ukuta wa sebule mpaka wajukuu. Alikuwa na vipele viwili vitatu kwenye mashavu, vya kawaida tu, vya mtihani na kukosa usingizi. Alitumia sabuni yangu wiki nzima, haikufanya kitu. Badala ya kuona kwamba sabuni haifanyi, akaona kwamba haikuwaka vya kutosha. Aliifuata mantiki ya etiketi yangu vizuri kuliko mimi mwenyewe. Kwenye telefone akapata video ya mtu fulani, tangawizi mbichi na ndimu na asali. Akatwanga, akakamua ndimu mbili, akapaka uso mzima Jumamosi asubuhi. Akaa nayo saa moja na nusu akifua nguo nje kwenye ua. Iliwaka. Alifurahi kwamba inawaka.

Wale munaokaa Bukavu munajua jua letu: baridi inakudanganya, lakini tuko mita karibu 1 500 juu na ikweta iko pale tu. Na ndimu iko na vitu vinavyoitwa furokumarini, ambavyo vikikutana na jua juu ya ngozi vinaunguza. Si mfano wa maneno, ni kuunguza kabisa, na mara nyingi haionekani siku ile ile. Inakuja kesho yake au siku ya pili. Ongeza juu ya hapo asidi ya ndimu yenyewe, pH ya 2 na kitu, juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuliwa na wiki nzima ya sabuni iliyozidi soda. Jumatatu mashavu yalikuwa mekundu na malengelenge madogo. Kwenye kolasio, alikuwa na mabaka meusi mawili, moja limeshuka mpaka kwenye taya, kwa umbo la maji yanavyotiririka.

Muuguzi aliyemwona alikuwa mtu mzuri. Alimwambia aache kila kitu, apake vaselini, avae kofia, angoje, na kwamba itapungua yenyewe kwa miezi. Kweli ilipungua. Lakini kwenye picha ya ukutani, mdogo wangu ndiye pekee wa promosio yake aliyegeuza uso pembeni.

Nilienda kumwona nikiwa na hasira, na munajua hasira ya mtu mwenye kosa. Nikamuuliza kwa nini alifanya ujinga ule, msichana aliyesoma. Akanijibu polepole, bila kunivunjia heshima, na ile heshima njo iliniumiza:

"Yaya, si weye mwenyewe uliandika kama inawaka njo inatumika? Weye ulisoma kemia. Miye nilisoma sheria. Nilikuamini."

Hapo sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata kwa ukamilifu. Juu hakusema "niliamini tangawizi". Alisema aliniamini mimi. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Kwenye statu zangu, chini ya picha ya sabuni, nilikuwa naandika: "Imetengenezwa na mkemia." Hiyo haikuwa uongo. Diploma ninayo. Na ile diploma, ambayo hakuna ofisi iliyotaka kuisoma, ilikuwa inasomwa na wasichana mia mbili kwenye statu yangu kila asubuhi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mkemia, na niliifanya hivyo.

Kuna mwenzangu wa promosio nilimwonyesha rasimu ya maandishi haya. Akaniambia: "Unataka kuharibia ba mama mkate wao. Makampuni makubwa ya Ulaya yanafanya vile vile, hayo hauyasemi." Kwa upande mmoja iko na haki, kwa hiyo niyaseme. Nilikwenda kwenye duka moja la mjini, nikachukua chupa ya mafuta kutoka nje yenye picha kubwa ya tangawizi, na nikageuza nyuma. Kanuni ya orodha ile ni rahisi, na kila mmoja wetu anaweza kuitumia kesho: vitu vinapangwa kutoka kilicho kingi mpaka kilicho kidogo, na vile visivyofika 1% vinaweza kuchanganywa kwa mpangilio wowote. Maji yalikuwa ya kwanza, kisha gliserini, kisha mafuta ya madini. Zingiber officinale ilikuwa kule mwisho, baada ya parfe na baada ya kihifadhi. Kwa hiyo kampuni ile inafanya kama mimi: picha mbele, jina nyuma, kitu chenyewe karibu hakipo. Tofauti moja ni kwamba wao waliandika orodha. Waliandika hata limonene na citral, vitu vya harufu ambavyo vinaweza kuwasha ngozi za watu fulani na ambavyo sheria ya Ulaya inalazimisha vitajwe. Mtu akitaka kujua, anajua. Kwenye etiketi yangu hakuna orodha. Hakuna tarehe. Hakuna namba ya sufuria, kwa hiyo ile sufuria iliyozidi soda, hata kama ningetaka kuirudisha, nisingejua ilikwenda kwa nani.

Na kuhusu mkate wa ba mama: sabuni ya mawese iliyotengenezwa vizuri ni kitu kizuri. Inatoa povu, inatoa uchafu, inalisha watoto. Haihitaji kuondoa mabaka ili istahili dolari moja. Ni sisi tuliosoma tulioileta hiyo hadithi juu yake. Mama hakuniomba niseme uongo, aliniomba nipime soda.

Kuna jambo moja dogo la nyumbani, kwa wale ambao pamoja na haya yote watatwanga. Maji ya tangawizi uliyokamua na kuweka kwenye chupa ya zamani ya jus hayana kihifadhi. Baada ya siku chache ni bakteria na ukungu unapaka, hata kama kwenye frigo, na umeme wetu munaujua. Kitu chochote kipya, weka kidogo upande wa ndani wa mkono, ngoja siku moja au mbili kabla ya kukileta usoni. Ndimu na jua, hapana kabisa. Na kikianza kuwaka, osha kwa maji mengi. Usingoje kifanye kazi.

Mama na mimi bado tunatengeneza sabuni. Tulinunua mzani mdogo wa jikoni. Soda tunapima sasa, na sabuni tunaiacha ikauke wiki nne kabla ya kuuza. Tangawizi tuliiacha ndani, juu watu wameizoea, na juu nilitaka kuona kama inaweza kukaa mle bila uongo. Mauzo yameshuka, nisifiche. Niliandika etiketi mpya: "Sabuni ya mawese na tangawizi kidogo. Inasafisha. Harufu ya tangawizi. Mawese, maji, soda kostike, tangawizi, manjano, parfe." Na tarehe, na namba ya sufuria.

Nilimpelekea mdogo wangu aisome kwanza. Alisoma mara mbili, kama wanasheria wanavyosoma. Akachukua kalamu.

"Yaya, hapa umeandika harufu ya tangawizi. Si uliniambia harufu inatoka kwa parfe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi andika parfe."